Sanduku la Viatu Chini ya Kitanda: Historia Fupi ya Figa za Anime



Leo historia yetu inaanzia chini ya kitanda. Mwenzetu mmoja hapa Nakivale ana sanduku la viatu. Ndani mna figa tatu za anime, yaani zile sanamu ndogo za plastiki: Naruto, Luffy, na Goku ambaye mkono mmoja umevunjika. Mna pia kitabu cha michoro. Siyo kitabu chenyewe, ni kopi alizochapisha Mbarara mjini, akazishona kwa uzi mweusi.

Zamani hizo figa zilikuwa juu ya redio, kila mtu anaziona. Siku moja wakaja wageni wa kupita nyumba kwa nyumba kuandika nani anahitaji nini. Mmoja akaziona akacheka: "Kumbe hapa kuna hela za midoli?" Labda hakusema kwa ubaya. Lakini jioni ile figa ziliingia sandukuni, sanduku likaingia chini ya kitanda, na mpaka leo liko huko.

Tulibishana sana juu ya jambo hili. Wengine walisema mgeni hakukosea, mtu anayeomba sabuni anunue Luffy wa nini? Wengine walikasirika. Mwisho tukaona tutafute kwanza: hivi vitu vimetoka wapi?

Vilitoka kwenye makopo

Mwaka 1945 Japani ilikuwa imeshindwa vita. Miji mingi ilikuwa majivu, chakula kilikuwa shida, na watu walijenga vibanda kwa mabati yaliyookotwa. Kulikuwa na fundi wa midoli aitwaye Kosuge Matsuzo, ambaye vita ilimtoa Tokyo ikamfikisha Otsu, karibu na Kyoto. Aliona magari ya Jeep ya wanajeshi wa Marekani yanapita. Akachukua makopo matupu ya chakula waliyoyatupa, akayanyoosha, akakata, akakunja, akatengeneza Jeep ndogo za bati. Desemba 1945 zilianza kuuzwa katika duka kubwa la Kyoto kwa yeni 10, na watu wakazigombania.

Hapa tulinyamaza kidogo. Nani kati yetu hakutengeneza gari la kopo? Kule Fizi, kule Rutshuru, kule Makamba, kopo la mafuta ndiyo bodi, matairi ni kandambili iliyokatwa, usukani ni waya mrefu. Kumbe na wao walianzia hapo hapo.

Kuanzia 1947 hadi 1952 vitu vingi vya Japani vilivyouzwa nje, midoli ikiwemo, viliandikwa kwamba vimetengenezwa katika Japani iliyokaliwa. Mtoto wa Marekani alicheza na kigari, na chini yake kumeandikwa kushindwa kwa nchi nzima. Mwaka 1950 ikaanzishwa Bandai, kampuni ambayo leo jina lake liko kwenye maboksi mengi ya figa.

Katuni ikakutana na duka

Tarehe 1 Januari 1963 katuni ya Tezuka Osamu, Tetsuwan Atomu, ile ya mtoto roboti, ilianza kwenye televisheni ya Japani. Kutengeneza katuni kila wiki ni gharama kubwa, na kampuni ya peremende ya Meiji ndiyo iliyodhamini. Mwaka huo huo Meiji wakaweka stika za Atomu pamoja na chokoleti zao. Watoto walinunua chokoleti wapate stika. Toka hapo katuni na biashara ya vitu vyake zimetembea pamoja.

Mfano mzuri ni Gundam, ya 1979. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza watazamaji walikuwa wachache, na vipindi vilivyopangwa kuwa 52 vikakatwa vikawa 43. Julai 1980 Bandai wakatoa roboti zake za kuunganisha mwenyewe, ndogo ikiuzwa yeni 300. Zikalipuka! Hadithi iliyokaribia kufa ikafufuliwa na vipande vya plastiki pamoja na watu walioendelea kuipenda.

Mafundi wa nyumbani

Lakini siyo kampuni tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na vijana ambao shujaa wanayempenda hakuwa na sanamu dukani. Wakaamua kuchonga wenyewe. Unachonga umbo, unatengeneza kalibu ya mpira wa silikoni, unamwaga resini, inakauka, unatoa vipande na mwenzako anaviunganisha na kuvipaka rangi kwake. Mwaka 1985 mafundi hawa walipata tamasha lao, Wonder Festival. Toka 1992 linasimamiwa na Kaiyodo, ambayo ilianza 1964 kama kiduka kidogo cha modeli huko Osaka.

Kuna utaratibu wao mmoja tuliupenda sana. Mhusika wa katuni ana mwenyewe kisheria, huwezi kumuuza tu. Basi kwa tamasha hilo wenye haki hutoa ruhusa ya siku moja. Fundi anauza kazi yake siku hiyo, na jioni ruhusa imekwisha.

Na aibu je?

Aibu ipo, tusidanganyane. Mwaka 1983 mwandishi Nakamori Akio aliandika makala ya kuwacheka vijana wa namna hii, akawaita "otaku". Mwaka 1989 polisi wa Japani walimkamata mtu aliyeua watoto wanne wa kike. Waandishi wa habari wakaonyesha chumba chake kimejaa kanda za video na katuni. Kuanzia hapo kijana mwenye mkusanyiko alitazamwa kama mtu wa kuogopwa, hata kama hajawahi kumgusa mtu.

Kuna aibu nyingine ambayo ni ya haki. Figa nyingi ni za wasichana waliovalishwa nusu uchi, na wengine wana sura za kitoto. Dada zetu katika kikundi walisema wazi: "Mnatuambia ni sanaa, mbona za kaka zimevaa vizuri?" Hatukuwa na jibu la maana. Sisi wengi tunaishi chumba kimoja na mama, wadogo zetu, na mchungaji anapita kusalimia. Kuna figa huwezi kuiweka juu ya redio, na siyo kwa sababu ya umaskini. Tulikubaliana kwamba kupenda kitu hakukukatazi kukiuliza maswali.

Kwa nini kitabu cha michoro

Kabla ya anime kuchorwa, kuna karatasi za mpango. Mhusika mmoja anachorwa mbele, ubavu na mgongo, akicheka, akilia, akikasirika, na urefu wake unapimwa kando ya wenzake. Kwa nini? Kwa sababu watu wengi watamchora, na lazima abaki yule yule. Mchongaji wa figa naye anaangalia karatasi hizo hizo, maana kwenye skrini mgongo wa shujaa unaweza kuuona sekunde mbili tu. Vitabu vya michoro hukusanya karatasi hizi na picha za mandhari.

Mwenzetu wa sanduku alijifunza kuchora mikono kwenye zile kopi. Hasomi Kijapani hata neno moja, lakini mkono ni mkono. Mabango ya chanjo mliyoyaona karibu na kisima mwaka jana, yeye ndiye aliyeyachora.

Kwenu ni wapi?

Tulipotafuta maana ya "otaku" tulishangaa. Asili yake ni neno la heshima la "nyumba yako", na Wajapani hulitumia pia kumwita mtu badala ya kusema "wewe". Ni kama mtu akuite "Kwenu". Si unajua sisi neno hilo tunalisikiaje? "Rudini kwenu." Huko jina la mkusanyaji linatokana na nyumba, na kweli kukusanya kunataka nyumba: rafu, ukuta usiovuja, mlango unaofungwa, na imani kwamba mwakani utakuwa pale pale.

Figa halisi kubwa kutoka Japani mara nyingi hupita yeni 15,000. Za mwenzetu ni feki za sokoni, shilingi elfu kumi na tano za Uganda moja, macho ya Luffy hayako sawa na plastiki inanuka. Alizinunua kwa hela ya kufyatua matofali, moja moja, kwa miaka miwili. Tulimuuliza kwa nini hakuweka hiyo hela. Akasema: "Vitu vyote humu ndani tulipewa, hata sufuria. Hivi nilichagua."

Wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, hatuwalaumu. Kazi yenu ni kuhesabu na fomu ni ndefu. Tunaomba jambo moja: mkiona kitu kizuri ndani ya nyumba yetu, ulizeni kimefikaje kabla ya kucheka. Kile kitu hakishibishi mtu na wala hakifuti njaa kwenye fomu.

Jumamosi tunakutana kama kawaida, chini ya mwembe, saa tisa. Mwenzetu amekubali kuleta zile kopi ili wadogo wachore mikono. Sanduku amesema atafikiria. Njooni na penseli, na kama nyumbani bado kuna gari la kopo, lileteni.