Kupendekeza ni Kukifanya Kipendeke

Fungua kumbukumbu za kikao chochote, kiwe cha bodi ya shule au cha chama cha ushirika, utalikuta neno "pendekeza" limejipanga mstari kwa mstari. Kamati inapendekeza ada ipandishwe. Mjumbe anapendekeza kikao kiahirishwe. Limekaa ofisini muda mrefu mno, hata ukoo wake umesahaulika. Mzazi wake ni "penda". Kitu chenye sifa za kumvuta mtu akipende hupendeka, na yule anayekifanya kipendeke ndiye anayekipendekeza. Penda, pendeka, pendekeza: neno limetoka moyoni mwa mtu mmoja, likapita kwenye sifa za kitu, likafika kwa mtu wa pili.

Mimi ni msomaji wa vitabu, na ninaamini neno hili ni la wasomaji kabla ya kuwa la makatibu. Anayemwambia mwenzake "soma hiki" anafanya hasa kile ambacho viambishi vya neno vinasema. Amependa, na sasa anataka kupenda kwake kuhamie kwa mwingine.

Kiambishi cha katikati, ambacho katika "pendeka" ni -ek- na katika vitenzi vingine ni -ik-, Shaaban Robert alikitumia kwa ustadi ambao sijauona kwa mwandishi mwingine. Alikifanya kijenge nchi. *Kusadikika*, kitabu kilichotoka mwaka 1951, ni nchi inayoweza kusadikiwa. *Kufikirika*, kilichochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake, ni nchi inayoweza kufikiriwa. Hakuhitaji kubuni majina yenye sauti za kigeni. Sarufi ya kila siku ilimtosha. Ninapompendekezea mtu *Kusadikika* simwambii kwamba mwandishi wake ni mkubwa, kwa sababu ukubwa wa mwandishi haujawahi kumfanya mtu afungue kitabu kwa hamu. Namwambia hivi: kuna kijana anaitwa Karama, ameshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na anajitetea mbele ya wakubwa kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta mema, kisha wakarudi nyumbani wakaadhibiwa. Hapo mtu huuliza: ikawaje? Akishauliza, kazi yangu imekwisha.

Wasomaji wengi husifu kitabu kwa kusema "kinasomeka". Ni sifa nzuri, nami naitumia. Lakini tazama tofauti. Katika "kinasomeka" hakuna mtu. Kitabu kinasimama peke yake na sifa yake, kama vile mlango unavyofunguka. Katika "nimekipendekeza" mtu ameingia. Kuna nafsi iliyokubali kubeba dhamana, kwamba ukikisoma ukakichukia, utanijia mimi. Ndiyo maana naona pendekezo la rafiki mmoja lina uzito kuliko sifa zote zilizochapwa nyuma ya jalada. Jalada haliwezi kuulizwa.

Dhamana hiyo huwa nzito zaidi kitabu kinapokuwa kichungu. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikaja kusomwa madarasani Tanzania na Kenya. Ni habari ya binti wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali, Zakaria, aliyemzuia asizungumze na wanaume hata kidogo, mpaka siku alipotoka chini ya macho yake akakuta hajui kujilinda. Kitabu hiki huwezi kumpa mtu ukaenda zako. Ukimpendekezea mzazi, uwe tayari kukaa naye akimaliza.

Kuna neno jingine linalosongwa na matumizi, nalo ni "hamasa". Siku hizi meza za vitabu mitaani zimejaa "vitabu vya hamasa", navyo ni vile vya kukuambia amka mapema, weka malengo, utatajirika. Hamasa hii imepunjwa. Kwa Waarabu, ambao ndio tuliotwaa neno kwao, hamasa ni ushujaa na joto la moyo, na ndilo jina la diwani moja mashuhuri kuliko karibu zote katika fasihi yao. Aliyeikusanya ni mshairi Abu Tammam, katika karne ya 9. Inasimuliwa kwamba theluji ilimzuia safarini huko Hamadan, nchini Uajemi, akakaa kwa mwenyeji aliyekuwa na maktaba nzuri. Akasoma. Akachagua mashairi ya watu wengine, yale yaliyomgusa, akayapanga kwa milango. Mlango wa kwanza ulikuwa wa ushujaa, na jina la mlango likawa jina la kitabu kizima. Yaani *Hamasa*, kitabu kilichodumu zaidi ya miaka elfu moja, ni kazi ya msomaji. Ni mtu aliyekwama njiani akaamua kuwaonyesha wengine alichokipenda. Kwangu mimi hicho ndicho kitabu cha hamasa: kilichomwasha mtu mmoja kiasi kwamba hakuweza kukinyamazia.

Kwa maana hiyo, *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla ni kitabu cha hamasa, ingawa hakimwahidi mtu utajiri. Mshairi huyu wa Mombasa alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka alioupa jina *Kenya: Twendapi?* Akiwa gerezani aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1973 yakatoka kama diwani. (Neno hilo nalo lina mambo yake: diwani mmoja huketi kwenye halmashauri, diwani nyingine hukaa rafuni, na wote wawili asili yao ni daftari la serikali.) Nimewahi kuona watu wanaodai hawapendi ushairi wakikiomba kitabu hiki kwa sababu ya zile karatasi tu. Wacha waingie kwa mlango huo. Wakishaingia, watakutana na mashairi yaliyosimama imara kwa vina na mizani, na hawatasikia haja ya kuuliza tena kuhusu karatasi.

Sasa kitabu kimependekezwa, kimependeka. Kinatokaje mkononi mwangu kwenda mkononi mwako? Hapa Kiswahili kina akili ambayo naistaajabia. Fedha, unga na sukari vinakopwa. Unachokula au kutumia hakirudi chenyewe, kinarudi mfano wake. Kitabu hakikopwi. Kitabu kinaazimwa, kwa kuwa kinachotakiwa kurudi ni kilekile, pamoja na ukurasa uliokunjwa pembeni na doa la chai. Tena "azima" haibagui upande. Ninayetoa naazima, unayepokea unaazima. "Niazime *Kuli*" ni ombi, na "nimeazima *Kuli*" ni taarifa, na kitenzi ni kimoja. Kukopa na kukopesha vina ngazi, mmoja juu na mwingine chini. Kwenye kuazima watu wamekaa jamvi moja.

*Kuli*, kwa wasioijua, ni riwaya ya Adam Shafi inayopita katika bandari ya Unguja hadi kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Nakala yangu imeazimwa na watu wengi, na ndiyo iliyochakaa kuliko zote nilizonazo. Mtu akiipenda, mimi humpa nyingine ya mwandishi huyohuyo, *Vuta N'kuvute*, kisa cha Yasmin aliyeozwa akiwa binti mdogo kwa mwanamume mzima asiyempenda, na Denge anayepigania uhuru kwa siri. Wengine wameiona kwanza kama filamu, iliyotoka mwaka 2021. Wanaporudi kwenye kitabu hukuta mengi ambayo hayakuingia kwenye picha.

Nimesema "riwaya", na nisingependa kulipita neno hili haraka, maana ndilo lililo karibu zaidi na ninachotaka kusema. Tunalitumia kwa hadithi ndefu ya kubuni, lakini wenye elimu ya dini ya Kiislamu bado wanasema "kuna riwaya nyingine", yaani tukio lilelile limepokewa kwa njia ya msimulizi mwingine. Rawi ni mpokezi na mfikishaji. Kwa Waarabu wa kale kila mshairi mkubwa alikuwa na rawi wake, aliyehifadhi beti zake kichwani akazipeleka kambi hadi kambi. Na shina la neno hilo linahusu maji: kunywa hadi kiu ikatike, na kuwachotea wengine. Ngamia aliyebeba viriba vya maji aliitwa rawia. Kwa hiyo riwaya, katika asili yake, si kitu cha kutunzwa kabatini. Ni kitu kilichopokewa kwa ajili ya kufikishwa. Mohamed Suleiman Mohamed aliiita riwaya yake ya mwaka 1972 *Kiu*. Sijui kama alilifikiria shina hilo alipoandika. Mimi nalifikiria kila ninapoiona.

Linaloniuma ni jina ambalo shule zimeyapa mambo haya yote. Huko vitabu ni vya aina mbili, vya kiada na vya ziada. Vya kiada ni vile vya kufundishia somo na kufanyia mtihani. Vya ziada ni vingine vyote. Naelewa kwamba wizara inahitaji istilahi za kupangia bajeti, na sipingi mpango huo. Napinga maana inavyovuja kutoka kwenye jedwali hadi kichwani mwa mtoto. Ziada ni kilichobaki baada ya haja kutimia, kama nyongeza dukani. Mtoto aliyesikia kwamba hadithi anayoipenda ni ziada ataiweka kando kwanza siku anapochoka, na huenda asiirudie. Mzee wake akimwuliza anasoma nini, atataja kitabu cha hisabati. Tunaye mwandishi, mhariri, mfasiri, mchapishaji, mkutubi na mhakiki, kila mmoja na cheo chake kwenye kamusi, lakini yule shangazi aliyemtia mtoto hamu ya kusoma kwa kumsimulia nusu ya kisa cha mpelelezi Bwana Msa na kumwachia nusu nyingine aitafute mwenyewe kwenye *Mzimu wa Watu wa Kale*, hatuna jina la kumwita. Mimi namwita mpendekezaji, na nasema anastahili kutajwa pamoja na hao wengine.

Basi usingoje kuulizwa. Chagua kitabu kimoja ulichokipenda kweli, kisha mfikirie mtu mmoja unayemjua kwa jina ambaye hajakisoma. Mwambie sababu moja tu iliyokufanya ukipende, umwazime leo. Andika jina lako kwenye ukurasa wa kwanza kabla hakijatoka mkononi mwako, na mkubaliane kitarudi lini.