Ukuta Kinzani

Fundi anayeezeka nyumba Kawangware, Nairobi, huisimamisha boriti kwa ubavu, hailazi bapa. Anajua ikilazwa itapinda. Ujuzi huohuo ndio unaosimamisha maghorofa ya Upper Hill na Westlands, na ndio uliojificha ndani ya istilahi ninayoizungumzia.

Wahandisi huuita ukuta huu “shear wall”, kwa neno la Kiingereza litokanalo na kazi ya mkasi: makali mawili yanayopishana. Upepo au tetemeko likilisukuma jengo, sakafu hutaka kuteleza moja juu ya nyingine, kama rundo la vitabu lililosukumwa ubavuni. Ukuta wa zege uliosukwa nondo tangu msingi hadi kileleni huuzuia mtelezo huo. Tukiuita “ukuta wa mkato”, msikiaji atadhani umekatwa, au ni wa kugawa vyumba tu, na wa kugawa vyumba mwenye nyumba huubomoa apendavyo. Mimi nauita ukuta kinzani. Kukinza ndiyo kazi yake, na fizikia ya Kiswahili tayari inalo neno ukinzani.

Mahali pake ni muhimu kuliko wingi wake. Ukirefushwa mara 2 kuelekea upande wa msukumo, ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka mara 8. Ukisukumwa kwenye unene wake, hausaidii kitu. Mnara wa KICC, uliokamilika 1973, ni wa mviringo, hivyo upepo haupati ubavu mpana wa kuukumba. Viwanja vyembamba vya Kilimani haviruhusu hayo. Huko kuta za lifti na ngazi zikirundikwa upande mmoja, uzito hubaki katikati ilhali ugumu umehamia pembeni, na jengo husokoteka. Desemba 1972, tetemeko lilipopiga Managua, Nikaragua, Benki Kuu ya ghorofa 15 iliyopangwa hivyo iliharibika vibaya. Jirani yake, Banco de América ya ghorofa 18, yenye kuta zilizolingana pande zote, ilipata madhara machache.

Nasi tuko kando ya Bonde la Ufa, lililotikisika vikali Subukia mwaka 1928.

Ewe unayenunua nyumba Kileleshwa, omba ramani ya maegesho ya chini. Uliza kuta kinzani ziko wapi, na kama zinashuka mpaka msingini. Ukuta unaokomea juu ya maegesho umetoweka pale pale msukumo ulipo mkubwa kuliko kwingine kote.