Kulifungia Dhara Ndani

Uwanja wa ndege wa Mombasa hauko kisiwani. Uko bara, upande wa Changamwe, karibu na mkono wa bahari uitwao Port Reitz, na mtu aliye ndani ya ndege inayoteremka huona kwanza mapaa ya mabati: mengine mapya yenye kumetameta, mengine yaliyoliwa na kutu hata yakawa na rangi ya udongo. Uwanja huo ulijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ukaitwa Port Reitz, na baadaye ukapewa jina la Moi. Leo hata kata inayouzunguka huitwa Airport, na wenyeji wake hulitamka jina hilo kana kwamba lilizaliwa nao.

Huyo Reitz alikuwa nani? Katika mwaka wa 1824 Mazrui waliotawala Mombasa, wakiiogopa nguvu ya Sayyid Said wa Oman, walikubaliana na Owen, nahodha wa manowari ya Kiingereza, wawe chini ya ulinzi wa Uingereza. Owen alipotweka tanga kwenda zake alimwacha Luteni John James Reitz kuwa mkuu wa mji. Kijana huyo hakudumu. Mnamo mwezi wa Mei mwaka ule ule, katika safari ya kuelekea Pangani, alishikwa na homa ya malaria akafa.

Malaria ni neno la Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliamini ya kwamba homa hii hutoka katika mvuke wa mabwawa, kwa hiyo usiku walifunga madirisha ili hewa ile isiingie. Hata ilipofika Agosti 1897, Ronald Ross, tabibu wa jeshi katika India, alikiona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu, ikadhihirika ya kwamba hewa ilisingiziwa bure. Mtu aliyefunga dirisha lake baada ya mbu kuingia alikuwa amejifungia pamoja na adui yake mpaka asubuhi. Kosa la namna hii, yaani kuziba nyumba kabla ya kulitoa dhara lililomo, ndilo ninalotaka kulieleza, maana limerudiwa mara nyingi, na hasa katika nyumba za watu wenye kipato kidogo.

Nyumba ya zamani ya pwani yetu ilikuwa ya miti na fito, imekandikwa udongo na kuezekwa makuti. Kati ya ukuta na paa uliachwa upenyo. Joto lilipanda likatoka, na moshi wa kuni ulitoka kwa njia ile ile. Ni kweli kwamba mbu nao waliingia hapo, na wataalamu wametuonyesha ya kwamba mbu wa malaria huupenda sana mlango huo. Makuti yalipoadimika, na hofu ya moto ilipozidi, mabati yalikuja juu ya kuta zile zile za udongo. Paa halikuvuja tena kwa miaka kadhaa, lakini mchana nyumba ikawa tanuri. Basi wenye nyumba wakaanza kutengeneza: huyu akaziba upenyo kwa udongo ili kuzuia mbu na mvua ya kusi, yule akatundika dari ya magunia au ya maboksi ili kupunguza joto.

Mtu asiulize kwa haraka kwa nini hawakujenga kwa mawe tangu mwanzo. Katika sehemu nyingi za bara ya Mombasa mwenye nyumba siye mwenye ardhi. Baada ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908, watu wengi walijikuta wapangaji juu ya viwanja vya wengine, wakilipa kodi ya kiwanja kila mwezi, na wakijua ya kuwa siku yoyote waweza kuambiwa waondoke. Ni nani atakayejenga nyumba ya kudumu mahali ambapo yeye mwenyewe hana hakika ya kudumu?

Sasa fikiri juu ya chumba kilichozibwa vizuri, upenyo hauonekani tena, na ndani yake kuna jiko la makaa. Niliwahi kukaa katika chumba cha namna hiyo kwa jamaa zangu huko Magongo, msimu wa masika. Mvua ilikuwa kubwa, kwa hiyo jiko liliingizwa ndani na mlango ukafungwa. Baada ya saa moja watoto walilalamika kuumwa na kichwa, tukadhani ni njaa. Mama mzee aliyekuwapo ndiye aliyeufungua mlango kwa teke, akatutoa sote mvuani bila ya kutueleza neno. Makaa yawakayo mahali pasipopita hewa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo hushika damu isichukue hewa safi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba katika mwaka wa 2020 hewa chafu itokayo katika majiko ya nyumbani iliua watu zaidi ya milioni 3 ulimwenguni. Nyumba ile ya Magongo ilipokuwa mbovu na yenye nyufa, jiko lile halikumdhuru mtu hivyo. Ilipotengenezwa ndipo ilipotaka kutuua.

Jambo hili si la pwani yetu tu. Katika Marekani, baada ya bei ya mafuta kupanda sana katika mwaka wa 1973, ilitungwa sheria mwaka wa 1976 ya kuzikarabati bure nyumba za maskini ili zisipoteze joto wakati wa baridi. Mafundi walipofika waliziona nyumba nyingine zina mapaa yaliyooza, ukungu kutani, nyaya za umeme zilizochunika, au majiko yanayovuja gesi. Kuziziba nyumba hizo kulikuwa ni kuwafungia wenyewe ndani ya hatari, kwa hiyo mafundi waliandika katika madaftari yao, wakaenda zao. Ajabu ya utaratibu huo ni kwamba aliyekuwa maskini kuliko wote ndiye aliyekosa msaada, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa mbovu mno kusaidiwa. Hata mwaka wa 2022 ndipo Bunge lao lilipotenga dola milioni 15 mbali, ziwe za kuondoa madhara kwanza. Miaka 46 ilikuwa imepita.

Katika Kenya tunayo pia mapaa ya saruji iliyochanganywa na asbesto, ambayo zamani yalisifiwa kwa kuwa hayapati kutu wala hayashiki moto. Nyuzi zake zikivutwa pumzini huleta ugonjwa wa mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Kanuni za taka za mwaka wa 2006 ziliihesabu asbesto miongoni mwa taka za hatari. Paa la namna hii likiwa zima halina ghasia. Fundi alitoboaye kwa msumari ili kupachika dari ndiye aliyaamshaye madhara yake.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote uko mwendo mfupi kutoka uwanja wa ndege, upande wa Mikindani, katika kitongoji cha Owino Uhuru chenye watu wapatao 3,000. Katika mwaka wa 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando kabisa ya nyumba zao, ili kupata madini ya risasi. Neno hili risasi tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni jina la madini. Vile vya bunduki viliitwa hivyo kwa kuwa vilifanywa kwa madini hayo. Risasi ya Owino Uhuru haikuwa na mlio. Ilikuja kwa moshi na vumbi, ikatua juu ya mabati, ikapenya katika nyufa za udongo, ikakaa sakafuni mahali watoto wanapotambaa. Ikiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo, na wataalamu wa leo husema hakuna kiasi chake kisichodhuru.

Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo mwaka wa 2009. Mtoto wake mchanga akaugua, na madaktari wakadhani kwanza ni malaria au homa ya matumbo. Damu ilipopimwa ikaonekana ina risasi, iliyompata kwa maziwa ya mama yake. Aliiacha kazi, akawakusanya majirani, akaandamana nao, akakamatwa. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Watoto wa Owino Uhuru walipopimwa na kulinganishwa na wenzao wa kitongoji cha jirani kiitwacho Bangladesh, wastani wa risasi katika damu yao ulikuwa kama maradufu.

Hapo ndipo penye mafunzo ya ukarabati. Kiwanda kilifungwa, lakini vumbi lilibaki. Tuseme mtu mwema alitaka kuwasaidia watu wale, akawaletea mabati mapya, dari, na saruji ya kuziba nyufa. Vumbi la miaka saba lingefungwa juu ya dari, na kila upepo ungeliangusha kidogo kidogo juu ya vitanda. Kazi sharti ianzie kwingine: udongo wenye sumu uondolewe, kuta na sakafu zifutwe kwa maji wala zisifagiliwe kavu, mabati ya zamani yashushwe kwa uangalifu na yasiuzwe kwa jirani. Ndipo fundi apande na nyundo yake.

Wananchi walikwenda mahakamani mwaka wa 2016. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo na maji yasafishwe katika muda wa miezi minne, au zitolewe shilingi milioni 700 za kuifanya kazi hiyo. Naona hakimu aliielewa nyumba kuliko mafundi wengi, kwa kuwa hakutosheka na fedha ya mkononi. Katika mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufani iliitangua fidia ile, na mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa amefikia umri wa miaka 17.