Hesabu ya Wapagazi katika Njia ya Tabora

Gongoni ni kata mojawapo ya mji wa Tabora, mji uliokuzwa na nyayo za wapagazi kabla ya reli kufika mwaka 1912. Habari nyingi za watu hao zimehifadhiwa kwa tarakimu. Nazo tarakimu, kama yalivyo maneno, zataka kufasiriwa.

Mfano ulio wazi ni orodha ya Henry Morton Stanley. Kati ya Februari na Machi 1871, alipokuwa akimtafuta Livingstone, aliondosha misafara mitano kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, akaandika idadi ya wapagazi wa kila mmoja: 24, 28, 22, 55 na 28. Jumla yao ni 157.

Jumla hiyo ikigawanywa kwa tano, wastani ni 31.4. Lakini hapakuwa na msafara hata mmoja wa wapagazi 31. Minne kati ya mitano ilikuwa chini ya wastani huo. Msafara wa nne, wenye wapagazi 55, ndio ulioivuta hesabu juu: ukiondolewa, wastani washuka hadi 25.5. Idadi zikipangwa kuanzia ndogo, yaani 22, 24, 28, 28 na 55, ile ya katikati ni 28, nayo ndiyo pekee iliyojirudia. Basi aulizaye msafara wa kawaida ulikuwa na wapagazi wangapi, jibu la 28 lamfaa kuliko 31.

Hata hivyo, 28 peke yake yaficha tofauti. Baina ya msafara mdogo na mkubwa pana wapagazi 33, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi idadi zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, ni karibu 12. Mwanahistoria aandikaye wastani bila mtawanyiko huifanya misafara yote kuwa mmoja.

Liko jambo jingine lisilotibiwa na kanuni yoyote ya hesabu. Mpagazi ni mwenye kupagaa, yaani kuchukua mzigo begani, na orodha hii yahesabu mabega siku ya kuondoka tu. Haielezi nani alitoroka, nani aliugua, wala nani alizikwa njiani. Kwa hiyo idadi ya waliotoka Bagamoyo isichukuliwe kuwa idadi ya waliofika Tabora. Takwimu hufupisha kilichohesabiwa. Kisichohesabiwa hubaki kazi ya mtafiti.