Hesi za plagi zikifa, usikimbilie kununua silinda hedi mpya

MADEREVA wa magari ya mizigo yanayotumia petroli huweza kukutwa na mkasa huu: gari likiwa katika mwendo, kishindo kinasikika chini ya boneti, kisha injini inapoteza nguvu na kuanza kupiga kelele za upepo unaotoka kwa kasi. Boneti inapofunguliwa, plagi moja imechomoka katika tundu lake na pengine imevunja koili iliyokuwa juu yake.

Tatizo hilo haliyahusu malori ya dizeli, kwa kuwa injini zake hazina plagi za kuwashia mafuta. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa injini za Ford ziitwazo Triton, za V8 na V10 zenye valvu mbili kwa kila silinda, ambapo zile za V8 zilianza kufungwa katika pikapu za F-150 za modeli ya mwaka 1997 nchini Marekani. Katika hedi za miaka ya mwanzo, plagi ilishikwa na hesi takriban nne tu. Baadaye kampuni hiyo iliongeza idadi ya hesi.

Hata hivyo, hesi zinaweza kufa katika injini yoyote yenye hedi ya alumini. Plagi ni ya chuma, na alumini ni laini kuliko chuma. Aidha, inapopata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Plagi iliyolegea hutikiswa na kila mlipuko wa silinda hadi hesi zinakwisha. Iliyokazwa kupita kiasi huzivuta na kuzikata.

Jinsi ya kuzuia

Plagi ifunguliwe injini ikiwa imepoa. Kabla ya kuifungua, tundu lisafishwe kwa upepo wa kompresa ili mchanga usiingie katika hesi au silinda.

Plagi mpya iwe na urefu ule ule ulioelekezwa na mtengenezaji. Ianze kuzungushwa kwa mkono, au kwa kipande cha mpira wa bomba kama tundu ni refu. Ikigoma isilazimishwe, kwani huenda imeingia upande.

Ukazaji wa mwisho ufanywe kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Kwa kawaida, plagi ya milimita 14 yenye washa hukazwa kwa niutoni-mita 25 hadi 30 katika hedi ya alumini, na ile isiyo na washa kwa 10 hadi 20. Kipimo kilichomo katika kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa kwanza.

Kupaka grisi katika hesi bila maelekezo ya mtengenezaji ni kosa. Grisi hupunguza msuguano, hivyo fundi hukaza zaidi ya kipimo bila kujua.

Jinsi ya kutengeneza

Plagi ikichomoka, dereva asimame mahali salama na azime injini mara moja, kwa sababu mchanganyiko wa petroli na hewa unaotoka unaweza kushika moto.

Mara nyingi hedi huweza kuokolewa. Mwaka 2007 Ford yenyewe ilitoa waraka wa ufundi ulioruhusu matundu yaliyoharibika kutiwa bushi yenye hesi ndani na nje, badala ya kubadilisha hedi nzima.

Fundi hupanua tundu, hukata hesi mpya, kisha hufunga bushi. Bushi nzima ya chuma au alumini hutegemewa zaidi kuliko ile ya waya uliosokotwa, ambayo inaweza kutoka pamoja na plagi siku ya kuibadilisha.

Jambo la kuangaliwa sana ni vumbi la alumini. Kifaa cha kukatia hesi hupakwa grisi ili inase vumbi hilo, na silinda hufyonzwa kwa mashine kabla ya plagi kurudishwa. Chembe zikibaki ndani, zinaweza kukwaruza ukuta wa silinda na gharama ikawa kubwa kuliko ya mwanzo.

Hedi ikiwa imepasuka katika tundu la plagi, bushi haitafaa. Hapo ndipo hedi hubadilishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali kununua hedi nyingine, mwenye gari amuulize fundi maswali mawili: je, hedi ina ufa, na je, anacho kifaa cha kutia bushi?