Homa ya mapafu baada ya mafua kwa watoto

Homa ya mapafu (pia: nimonia au kichomi) ni tatizo kubwa la upumuaji linaloweza kumpata mtoto mwenye homa ya mafua, yaani influenza. Watoto wengi hupona mafua bila tiba maalumu. Walio hatarini zaidi ni wenye umri chini ya miaka 2, wenye utapiamlo, pumu, selimundu au VVU.

Visababishi

Virusi vya influenza vinaweza kushambulia mapafu vyenyewe. Pia huharibu utando wa njia ya hewa, na hapo bakteria kama Streptococcus pneumoniae na Staphylococcus aureus hupata nafasi ya kuingia. Ndiyo maana mtoto aliyeanza kupata nafuu huweza kushikwa na homa upya. Moshi wa kuni jikoni huongeza hatari.

Dalili

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, nchini Tanzania, homa ya mtoto mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Lakini mtoto anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo hata vimelea vya malaria vikionekana, mtoto anayekohoa achunguzwe pia upumuaji wake.

Pumzi huhesabiwa kwa dakika moja nzima, mtoto akiwa ametulia. Anapumua haraka kupita kawaida akifikisha:
- pumzi 60 au zaidi, chini ya miezi 2;
- pumzi 50 au zaidi, miezi 2 hadi 11;
- pumzi 40 au zaidi, mwaka 1 hadi 5.

Kifua kubonyea anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege na kulegea sana ni dalili za hatari: mtoto apelekwe hospitali mara moja.

Matibabu

Antibiotiki haziui virusi vya mafua, ila hutibu homa ya mapafu ya bakteria. Inayotumika zaidi ni amoksilini. Mgonjwa mahututi huhitaji oksijeni na dawa za sindano. Hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, jijini Mwanza. Mtoto mwenye mafua asipewe aspirini. Desturi ya kumkata kimio mtoto anayekohoa haitibu mapafu. Huweza kuleta kutokwa damu na maambukizi, na huchelewesha tiba.

Kinga

Tanzania ilianza kutoa chanjo dhidi ya Hib mwaka 2009 na dhidi ya nimokokasi mwaka 2013. Zote hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hazizuii mafua yenyewe, bali hupunguza homa ya mapafu inayoletwa na bakteria hao. Kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza na kunawa mikono kwa sabuni pia husaidia.