Tangi la chuma kisichoshika kutu linapovuja

CHUMA kisichoshika kutu nacho huoza. Kinga yake ni utando mwembamba unaotokana na kromiamu, ambayo ni angalau asilimia 10.5 ya chuma hicho. Utando ukiharibika, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa, kutu hupenya.

Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika kambi ya Benaco wilayani Ngara, shirika la Oxfam lilikuwa miongoni mwa waliowapatia maji. Matangi yake yanayofahamika ni ya mabati yaliyofungwa kwa bolti na kutandikwa mpira ndani. Hayo huvuja mpira unapochanika. Tangi la kuchomelewa huvuja kwenye maungio.

Mwenye tangi, awe Ngara au Biharamulo, aanze kwa kulijaza, kufunga koki zote, kuweka alama ya kina na kusubiri saa 24. Kina kikishuka, akaushe maungio kwa kitambaa na kuyapaka chaki: panapovuja patalowa kwanza. Unyevu ulioenea upande mzima huenda ni jasho la tangi tu.

Madoa ya kahawia yanayofutika aghalabu ni chembe za chuma cha kawaida zilizoachwa na brashi ya fundi. Kitundu kidogo chenye kutu inayorudi ni hatari zaidi. Chanzo kimojawapo ni klorini kali ya kusafishia iliyoachwa ndani bila kusuuzwa.

Gundi huficha tatizo. Tangi limwagwe maji, sehemu mbovu ikatwe, ichomelewe upya kwa waya unaolingana na chuma hicho, kisha isafishwe weusi wa moto.